Viza ya mwenza ya Uingereza: tulinyimwa kwa herufi moja, mwezi mmoja na tarehe moja

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Naandika nikiwa Tabata kwa mama yangu, ambako nimekuja kwa wiki nne kabla ya kurudi Birmingham kwa mume wangu. Tangu nifike, kina dada watatu wa mtaa huu wamenijia na bahasha za kaki zenye vyeti vyao, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wameuliza jambo lile lile: wale watu wanataka nini hasa ili mtu amfuate mume wake? Nimeona nijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu mimi na mume wangu tulinyimwa viza mara ya kwanza, tukaishi mbalimbali kwa zaidi ya mwaka mwingine mzima, na hadi leo naamini kwamba hatukustahili kutengana muda ule wote kama tungejua mapema haya ninayoyaandika.

Wengi hudhani kwamba mambo haya yanaamuliwa ubalozini. Sivyo. Maombi hujazwa mtandaoni, ada hulipwa mtandaoni, kisha mwombaji hufika kituo cha kupokea maombi hapa Dar es Salaam kwa ajili ya picha na alama za vidole. Anayeamua ni ofisa aliye mbali, ambaye hakuwepo siku ya posa, hakula pilau ya harusi yenu, wala hajui kwamba mumeo hukupigia simu kila usiku akitoka zamu. Alicho nacho mezani ni makaratasi, na kwa kawaida hata hakuiti kukuhoji. Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, makaratasi yenu yote lazima yaseme jambo moja, kwa majina yale yale na tarehe zile zile. Sisi hatukushindwa kwa sababu ndoa yetu ilikuwa na walakini. Tulishindwa kwa sababu ya herufi moja, mwezi mmoja na tarehe moja.

Tulifunga ndoa mwaka 2022, na mwezi Novemba 2023 tukapeleka maombi kupitia kwa wakala mmoja wa hapa mjini ambaye tulimwamini kwa sababu alikuwa na ofisi nzuri na alizungumza kwa uhakika. Aliniambia nisijisumbue kujaza chochote, nimletee vyeti tu. Sikuiona fomu yangu hata mara moja kabla haijatumwa. Baadaye nilipokuja kuisoma, nilikuta ameandika kwamba mimi na mume wangu tulionana ana kwa ana kwa mara ya kwanza Agosti 2019, ilhali barua yangu mwenyewe, iliyokuwa ndani ya maombi hayo hayo, inasema Desemba 2020, siku mume wangu alipokuja likizo na kunikuta kwenye arusi ya binamu yake Mbagala. Tarehe ya Agosti aliitoa wapi, hadi leo sijui. Ofisa alipoona tarehe mbili, aliandika kwamba haridhiki kuwa uhusiano wetu ni wa kweli. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama jikoni, nikaketi chini sakafuni.

Mwezi uliokosekana ni wa benki. Mume wangu alitakiwa kuonyesha karatasi za mshahara za miezi 6 pamoja na taarifa za benki za miezi ile ile, zinazoonyesha mshahara huo ukiingia. Alituma zote. Wakala alipakia tano.

Herufi ni ya jina langu. Pasipoti yangu na cheti cha kuzaliwa vinasema Hadija, cheti cha ndoa kinasema Khadija. Sisi Waswahili hatuoni tofauti hapo, kwani shekhe aliandika kama anavyolitamka yeye, nami nikatia saini kwa furaha bila kusoma. Kwa ofisa, hao ni watu wawili mpaka uthibitishe kuwa ni mmoja.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa la barua pepe. Maombi ya familia yakikataliwa, mara nyingi mwombaji aliye nje ya Uingereza ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku 28 tangu apokee uamuzi. Wakala alikuwa ameandika anwani yake ya barua pepe badala ya yangu, na alikuja kunieleza kuhusu uamuzi huo zaidi ya wiki tano baada ya kuupokea. Wakati ule wote mimi nilikuwa nikiamini kwamba bado tunasubiri. Halafu, tarehe 11 Aprili 2024, kima cha chini cha kipato cha mdhamini, yaani mwenza aliye Uingereza, kikapanda kutoka pauni 18,600 kwa mwaka hadi pauni 29,000. Mume wangu alikuwa akipata pauni 23,400. Kwa kanuni za Novemba alitosha na kuzidi. Kwa kanuni mpya alipungukiwa, na aliyeomba kabla ya tarehe hiyo akakataliwa, akiomba upya hupimwa kwa kipimo kipya. Ilimbidi aache kazi aliyoizoea, atafute nyingine yenye mshahara wa pauni 30,200, kisha tukasubiri miezi 6 itimie katika kazi hiyo ndipo tuombe tena, Februari 2025. Safari hii fomu niliijaza mwenyewe, kwa barua pepe yangu, na viza ikatoka.

Sasa niseme kuhusu vyeti vyetu vya nyumbani, kwa sababu hapa ndipo Mtanzania huumia, na hapa ndipo kazi inaweza kuanza leo hata kama fedha za ada bado hazijapatikana.

Nilipoenda RITA, ofisi ya Serikali inayosajili vizazi, ndoa na talaka, pale makao makuu ya katikati ya jiji, nilimkuta dirishani mama mmoja mtu mzima ambaye siwezi kumsahau. Aliweka vyeti vyangu vitatu mezani kimoja chini ya kingine, akachukua rula ya mbao, akaiburuta taratibu chini ya jina langu katika kila cheti, herufi kwa herufi, kama mwalimu anayesahihisha imla. Alipofika kwenye ile "Kh" akaigonga kwa rula mara moja, akaniangalia bila kusema neno. Nilipata somo kubwa kuliko lolote ambalo wakala alinipa. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyowashauri watu wote: chukua cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, pasipoti, cheti cha ndoa na vyeti vya shule, vipange, pitisha rula. Angalia majina matatu yote, angalia kama jina la babu lipo kwenye cheti kimoja na halipo kwenye kingine, angalia tarehe na mahali pa kuzaliwa. Penye kosa la mwandishi, fuatilia marekebisho kwa aliyekitoa cheti. Pasiporekebishika, wakili au kamishna wa viapo akuandalie hati ya kiapo inayoeleza tofauti hiyo na sababu yake. Mimi nilifanya yote mawili. Na cheti chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili kitahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri, yenye jina lake, saini, tarehe na mawasiliano yake.

Kuhusu ndoa yenyewe, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kiserikali na za kimila, lakini ofisa wa Uingereza hawezi kutambua ndoa ambayo hakuona cheti chake. Wapo wenzetu waliooana kihalali mbele ya ukoo mzima na wenye karatasi ya msikiti au ya kanisa tu. Hao waanze kwa kusajili na kupata cheti cha Serikali. Wapo pia wanaosema, "Tumeishi pamoja zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo sheria inatuhesabu kuwa mume na mke." Ni kweli kwamba kifungu cha 160 cha sheria hiyo kinatoa dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kuheshimika kama mume na mke, lakini hiyo ni dhana inayoweza kupingwa, haikupi cheti cha kupakia kwenye maombi.

Cheti cha ndoa cha Kiislamu huweza kuonyesha kwamba ndoa ni ya wake wengi, na dada mmoja wa hapa Tabata aliogopa sana alipoliona neno hilo. Neno hilo pekee halimnyimi mtu viza ikiwa mume ana mke mmoja. Kinachozuiwa ni mume kumpeleka mke mwingine ilhali yuko mke aliyekwisha kuingia Uingereza kwa ndoa yake na mume huyo huyo. Ikiwa mnataka kubadili aina ya ndoa yenu kuwa ya mke mmoja, sheria yetu inaruhusu mume na mke kutoa tamko la hiari mbele ya jaji au hakimu.

Mengine nayapitia upesi. Wote wawili muwe na umri wa miaka 18 au zaidi na muwe mmewahi kuonana ana kwa ana. Mapenzi ya simu peke yake hayatoshi. Mwombaji afaulu mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1 (ya mwanzo kabisa), wa kuzungumza na kusikiliza, uliofanywa na mtoa mtihani aliyeidhinishwa, au awe na shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza na kuthibitishwa na Ecctis, taasisi ya Uingereza inayopima shahada za nchi nyingine. Ukisoma Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) unaweza kutumia njia hiyo ya pili, lakini cheti cha chuo pekee hakitoshi bila uthibitisho huo. Pia Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa na Serikali ya Uingereza, na cheti chake hudumu miezi 6, kwa hiyo usipime mapema mno. Picha ya kifua isipoonyesha vizuri, utaombwa makohozi, na kuyaotesha maabara huchukua takriban miezi miwili. Usikate tiketi wala usiache kazi kabla ya jibu hilo.

Kuhusu fedha: ada ya maombi kwa aliye nje ya Uingereza ilikuwa pauni 1,938 kwa kiwango kilichoanza Aprili 2025, na juu yake kuna ada ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa mwaka. Kwa kuwa viza ya kwanza ni ya miezi 33, hiyo huhesabiwa kuwa miaka mitatu, yaani pauni 3,105. Kwa kiwango hicho cha 2025, jumla ilikuwa pauni 5,043 kwa mtu mmoja. Ukikataliwa, ada ya afya hurudishwa, ada ya maombi hairudi. Sisi mara ya kwanza tulipoteza pauni 1,846, na fedha hizo zilikuwa za kumalizia paa la nyumba ya wazazi wa mume wangu.

Nimalizie na jambo dogo ambalo sikuambiwa. Siku ya alama za vidole nilikuwa natoka kwenye arusi, na ncha za vidole vyangu zilikuwa zimekolea piko. Mashine ilikataa mara nne. Yule kijana wa kituoni alinielekeza kwa upole nikanawe kwa maji ya moto na kurudi, na mara ya sita ndipo zikasoma. Mwenye miadi asijipake chochote vidoleni.

Nipo hadi mwisho wa mwezi. Mwenye swali aulize hapa ili wengine nao wasome jibu.

Mchangiaji wa Leeds

Dada, ahsante sana kwa uzi huu. Mimi ndiye mdhamini katika ndoa yetu: nina makazi ya kudumu hapa Uingereza, na mume wangu ni mwalimu wa sekondari huko Dar es Salaam. Mshahara wangu ni pauni 27,500. Je, mshahara wake wa ualimu hauwezi kuongezwa kwenye wangu ili tufikie 29,000? Na kaka yangu, ambaye ana uwezo, anaweza kuandika barua kwamba atatusaidia?

Mleta uzi

Dada wa Leeds, pole kwa kusubiri. Yote mawili ni hapana kwa kanuni za kawaida. Mwombaji akiwa nje ya Uingereza, mshahara wake wa huko nje hauhesabiwi, kwa sababu atauacha akija kwako. Ahadi ya ndugu nayo haijazi pengo.

Kinachoweza kukusaidia ni akiba, iwe yako, yake au yenu nyote wawili. Kanuni yake huwachanganya wengi, kwa hiyo nitaieleza kwa hesabu yako. Chukua pengo lako, yaani 29,000 kutoa 27,500, unabaki na 1,500. Zidisha kwa 2.5 upate 3,750, kisha ongeza 16,000, kwa sababu pauni 16,000 za kwanza za akiba hazihesabiwi kabisa. Unahitaji akiba ya pauni 19,750, iliyokaa mikononi mwenu kwa miezi 6 bila kushuka chini ya hapo. Asiye na kipato chochote, kwa hesabu hiyo hiyo, anahitaji pauni 88,500.

Akiba inaweza kuwa katika akaunti ya mumeo hapa Tanzania, mradi ni fedha anazoweza kuzitoa na chanzo chake kinaelezeka. Wasikudanganye watu wanaokopesha fedha ziingie kwenye akaunti wiki moja na kutoka wiki inayofuata. Ofisa huona miezi yote 6, na udanganyifu unaweza kumfungia mwombaji mlango kwa miaka mingi.

Kama unaweza kupata nyongeza ya mshahara ya pauni 1,500 kwa mwajiri wako, mimi ningeifuata hiyo kwanza. Hakikisha tu kwamba imetimiza miezi 6 na kwamba barua ya mwajiri inataja mshahara, muda ulioajiriwa na aina ya ajira. Halafu linganisha barua hiyo na karatasi za mshahara na taarifa za benki, kwa rula.

Mchangiaji wa Mbagala

Dada, heshima yako. Mke wangu ni raia wa Uingereza, tumeoana mwaka jana kwa cheti cha Serikali. Mimi niliwahi kuoa kabla yake, nikatoa talaka kwa maandishi mbele ya mashahidi, na karatasi ninayo, ina mhuri wa msikiti. Kwenye fomu wameuliza kama niliwahi kuoa. Jamaa mmoja amenishauri niandike hapana, kwa kuwa ndoa ile haikuwa na mtoto na imekwisha. Wakala mwingine anasema karatasi ya msikiti inatosha. Nimeshindwa kujua la kufanya, na mke wangu anataka tulipe ada mwezi huu.

Mleta uzi

Kaka yangu, nakuomba msilipe mwezi huu, na nakuomba zaidi usiandike hapana. Ndoa ile ilikuwepo, watu wanaijua, na huenda imeandikwa mahali. Kusema uongo kwenye fomu ni jambo baya kuliko kukosa cheti, kwa sababu cheti hutafutwa kikapatikana, lakini uongo ukigundulika mke wako atakusubiri miaka.

Kwa dini yetu talaka yako imepita, na sina neno juu ya hilo. Lakini kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ndoa iliyofungwa kisheria huvunjwa na mahakama. Hata ndoa ya Kiislamu ambayo talaka imekwisha kutolewa hupitia baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo hutoa amri ya talaka, na amri hiyo husajiliwa RITA ili upate cheti cha talaka. Sasa fikiria ofisa anavyoona: una ndoa ya kwanza ambayo kisheria haijavunjwa, halafu una ndoa ya pili. Swali lake la kwanza litakuwa kama ndoa yako na mkeo wa sasa ilifungwaje na ni ya aina gani. Hapo ndipo unapohitaji wakili wa mambo ya ndoa akiwa na vyeti vyako vyote viwili mbele yake, kabla ya kumlipa mtu yeyote wa viza. Mweleze tarehe zote kwa ukweli, ikiwemo tarehe ya ile karatasi ya msikiti.

Mwambie shemeji yetu kwamba miezi michache ya sasa ni myepesi kuliko mwaka mzima wa baadaye. Mimi niliuishi mwaka huo.

Mchangiaji mwenye makazi ya kudumu

Naomba niongeze kidogo, kwa kuwa nimemaliza miaka mitano ya njia hii. Ile miezi 33 ikikaribia kwisha, mtaomba nyongeza ya miezi 30, na hapo Kiingereza kinapanda hadi ngazi ya A2. Kwenye makazi ya kudumu ni B1 pamoja na mtihani wa maisha ya Uingereza. Mtatakiwa pia kuonyesha kwamba mmeishi pamoja muda huo. Kwa hiyo, mabinti zangu, tangu wiki ya kwanza mkifika hakikisheni majina yenu nanyi yanaonekana kwenye bili za maji, umeme na kodi ya halmashauri, na barua hizo mziweke kwenye faili. Mimi niliacha kila kitu kwa jina la mume wangu kama tulivyozoea nyumbani, na ilipofika zamu ya nyongeza nilihangaika kutafuta hata barua sita zenye jina langu.

Vilevile msiende kwa viza ya matembezi mkitumaini kubadilisha mkiwa kule. Mgeni wa matembezi haruhusiwi kubadili kuwa mwenza akiwa ndani ya nchi. Na mkifika hatua ya uraia, kumbukeni kwamba sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo suala hilo mlizungumze na wazazi na ndugu mapema, hasa mwenye shamba au kiwanja huku.

Mleta uzi

Mama, shikamoo, na ahsante. La bili sikuwa nimelifikiria. Nimemwandikia mume wangu usiku huu huu aongeze jina langu kwenye maji na umeme.

Mchangiaji wa Mbagala

Dada, heshima mnayopewa ninyi mnaistahili. Nimerudi kuwapa taarifa. Wakili ameziona hati zangu, tumeshapita kwenye baraza na shauri limefunguliwa mahakamani. Mke wangu amekubali kusubiri. Jana nilikwenda kuchukua nakala ya cheti changu cha kuzaliwa, nikabeba rula ya shule. Jina la baba lina "l" mahali ambapo kwenye pasipoti pana "r". Sikuondoka dirishani. Wamenipangia kurudi Jumatatu kwa marekebisho.